Misheni ya Bagamoyo

Misheni ya Bagamoyo (pia: Misheni ya Roho Mtakatifu) ni eneo la kihistoria la Kanisa Katoliki lililopo upande wa kaskazini wa mji wa Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, nchini Tanzania, kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam. Ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kama makazi ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa watoto. Ni misheni Katoliki ya kwanza ya nyakati mpya kwenye pwani ya bara la Afrika ya Mashariki, kwa kuwa mapadre Wareno waliofika Mombasa karne kadhaa kabla yake hawakuacha jumuiya iliyodumu.

Leo eneo hilo ni kama bustani kubwa: njia ya miembe mizee inayoelekea baharini, makaburi, makanisa mawili, mbuyu mkubwa na makumbusho. Dar es Salaam yenyewe ina kumbukumbu za uhuru wa mwaka 1961, zikiwemo zile za viwanja vya Mnazi Mmoja. Kwa mkazi wa Kinondoni, Ubungo au Temeke anayetaka kuona mahali panapokumbusha uhuru mwingine, yaani kutoka utumwani, Bagamoyo ndipo pa karibu zaidi.

Mazingira ya kuanzishwa

Katikati ya karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la watumwa katika Bahari Hindi ya magharibi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika miaka ya 1860 watumwa wapatao 15,000 hadi 20,000 walipitishwa huko kila mwaka. Wengi walitoka upande wa Ziwa Nyasa na kupakiwa majahazini huko Kilwa. Sehemu kubwa walibaki visiwani wakilima karafuu, au walipelekwa kwenye mashamba ya nafaka na minazi ya Mrima, Malindi na Lamu. Wengine walivushwa hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi.

Mapadre Wafaransa kutoka kisiwa cha Réunion walifika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1860, na baada ya miaka michache kazi yao ikachukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu. Walianza kununua watoto katika soko la Zanzibar kwa fedha zilizochangwa na waumini wa Ulaya, hasa kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu la Ufaransa. Idadi ilipoongezeka, nyumba za mjini hazikutosha, na pia mapadre walitaka ardhi ya kulima ili jumuiya ijilishe yenyewe. Padre Antoine Horner, mkuu wa misheni, alitafuta mahali upande wa bara na kuchagua Bagamoyo. Sultani Majid bin Said, aliyetawala Zanzibar na pwani hadi mwaka 1870, aliwapa kibali.

Ikumbukwe kwamba Bagamoyo haikuwa pori tupu. Ulikuwa mji wa Waislamu Waswahili, Washomvi, wenye majumbe wao, ukizungukwa na Wazaramo, Wakwere na Wadoe, pamoja na Waarabu na wafanyabiashara Wahindi. Misheni ilijengwa nje kidogo ya mji huo na kwa miaka mingi ilibaki kama kisiwa chenye sheria zake.

Miaka ya kwanza ilikuwa migumu. Kipindupindu kiliua watu wengi pwani mwaka 1869 na 1870, na mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilichopiga Zanzibar na Mrima kikabomoa sehemu kubwa ya majengo. Ujenzi ukaanza upya kwa mawe. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871 akielekea bara kumtafuta Livingstone, aliisifu misheni kwa bidii yake, na hakukosa kuandika pia kwamba mapadre walimkaribisha kwa divai ya shampeni.

Kijiji cha waliokombolewa

Waliofika misheni walitoka katika makundi kadhaa. Wa kwanza walinunuliwa sokoni. Baada ya mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash alilazimika kuutia sahihi akishinikizwa na Waingereza, soko la Zanzibar lilifungwa, na tangu hapo wengi waliletwa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi baharini. Wengine walitoroka wenyewe kutoka kwa mabwana zao na kuomba hifadhi. Asili zao zilikuwa mbalimbali: Wayao, Wanyasa, Wazaramo, Wazigua, Wamanyema na wengineo. Hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa, kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya kijiji.

Watoto waliishi bwenini, wavulana chini ya mapadre na mabruda, wasichana chini ya masista. Walifundishwa kusoma, dini na kazi za mikono: useremala, uashi, uhunzi, ushonaji, kilimo. Walipokua walioana, mara nyingi wakichaguliana wenza miongoni mwa wenzao wa misheni, kisha kila familia ikapewa nyumba ndogo na kipande cha shamba katika kijiji kilichojengwa ndani ya eneo la misheni. Walifanya kazi kwenye mashamba ya misheni, ambayo minazi ndiyo iliyokuwa zao kubwa. Kahawa na vanila pia zilijaribiwa.

Kijiji hiki ndicho watalii huonyeshwa kwa jina la Kijiji cha Uhuru. Jina hilo linahitaji maelezo. Mtu aliyeingia hapo hakuweza tena kuuzwa, na katika pwani ya miaka ya 1870 hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote: mama hakuwa na hofu ya kuamka na kukuta mwanawe amechukuliwa. Lakini maisha yalikuwa ya kengele na kanuni. Mapadre waliamua saa za kazi, ndoa, ibada na adhabu. Mtoto aliyenunuliwa hakuulizwa kama alitaka kubatizwa wala hakurudishwa kwao. Mara nyingi hakukuwa na njia ya kumrudisha, maana kijiji chake kilikuwa kimechomwa au kilikuwa mbali kwa mwendo wa miezi mitatu kupitia nchi ya wateka watu.

Paul Kollman, mwanahistoria aliyechambua kumbukumbu za shirika katika kitabu chake cha mwaka 2005, anaonyesha jinsi mapadre walivyolalamika kwamba watu wao hawana shukrani. Wengine waliondoka bila ruhusa. Walihamia mjini, wakajiunga na misafara kama wapagazi wa kulipwa, au wakasilimu na kuoa katika jamii ya Waswahili. Barua za wamisionari huita jambo hilo utoro. Yaweza kusomwa pia kwa namna nyingine, kwamba watu hao walikuwa wameichukulia ahadi ya uhuru kwa uzito kuliko walioitoa.

Tangu mwaka 1877 familia za vijana kutoka Bagamoyo zilipelekwa bara kuanzisha vituo vipya. Cha kwanza kilikuwa Mhonda, katika milima ya Nguru. Baadaye vikafuata Mandera, Morogoro na vingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Kilema kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Historia ya Kanisa nchini huwataja zaidi mapadre waanzilishi. Lakini bila waashi, makatekista na wakulima waliowahi kuwa watumwa vituo hivyo visingesimama.

Kisa cha Swema

Kati ya maelfu ya watoto waliopita mikononi mwa wamisionari, ni wachache sana ambao maisha yao yaliandikwa. Anayejulikana zaidi ni Swema, msichana Myao aliyepokelewa na masista wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Kwa mujibu wa simulizi lililochapishwa Ufaransa mwaka 1870, baba yake alikufa, na mama yake akashindwa kulipa deni la nafaka, ndipo mdai akamchukua binti na kumuuza kwa msafara. Mama aliufuata msafara kwa miguu ili asitengane naye, hata akaishiwa nguvu na kuachwa njiani. Swema alifika Zanzibar akiwa mahututi. Alidhaniwa amekufa na akafukiwa kwenye kaburi la kina kifupi, akaokolewa na kijana aliyesikia sauti yake.

Kitabu kilihaririwa na padre wa Ulaya kwa lengo la kukusanya michango, na sauti ya mhariri huyo inasikika wazi katika kurasa zake. Mwanahistoria Edward Alpers, aliyekichambua mwaka 1983, aliona hata hivyo kwamba ndani yake mna ushahidi wa thamani juu ya jinsi wanawake na watoto wasio na mlinzi wa ukoo walivyotumbukia utumwani kwa sababu ya njaa na madeni. Utekaji wa vitani haukuwa njia pekee. Sehemu hii ya historia husahaulika kwa urahisi, pengine kwa sababu mdai katika kisa hiki ni jirani.

Mwili wa Livingstone

Mnamo Februari 1874 misheni ilipokea msafara usio wa kawaida. Watu wapatao sitini, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikuwa wamebeba mwili wa David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofariki tarehe 1 Mei 1873. Walitembea kwa miezi mingi. Moyo wake waliuzika huko chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua. Ulilazwa usiku mmoja katika kanisa la misheni, kisha ukavushwa Zanzibar kwa meli na hatimaye kuzikwa London katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Mnara wa kanisa hilo la kwanza bado umesimama na huitwa Mnara wa Livingstone.

Livingstone mwenyewe hakuwahi kuishi Bagamoyo. Kinachofaa kuangaliwa hapa ni wabebaji wake. Chuma, Myao, alikuwa ameokolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto mwaka 1861. Jacob Wainwright, aliyesoma ibada ya mazishi kule Chitambo na kuandika kumbukumbu za safari, alikuwa Myao pia, aliyekombolewa na kusomeshwa Nashik nchini India. Kati ya wanawake wa msafara alikuwemo Halima, mpishi. Wainwright ndiye pekee kati yao aliyehudhuria mazishi London, maana Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya kaburi kufungwa.

Vita vya 1888 na utawala wa Wajerumani

Wakati wa vita vya pwani dhidi ya Kampuni ya Kijerumani, vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim tangu mwaka 1888, mji wa Bagamoyo ulishambuliwa na kuchomwa. Misheni haikuguswa. Padre Etienne Baur alikuwa na mawasiliano na pande zote mbili, na maelfu ya wakazi, Waislamu wengi wao, walikimbilia katika viwanja vyake. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam, na tangu hapo mji ukaanza kufifia.

Wengi hudhani kwamba kuja kwa Wajerumani kulikomesha utumwa. Sivyo. Serikali yao ilipiga vita biashara ya kusafirisha watu, lakini umiliki wa watumwa waliokwishakuwepo uliachwa uendelee kwa kuhofia kuwaudhi mabwana wa pwani. Ilitoa hati za uhuru kwa walioweza kujikomboa au kukombolewa, na makumi ya maelfu ya hati hizo zilitolewa. Kwa amri ya mwaka 1904 watoto wote waliozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 walihesabiwa kuwa huru. Utumwa kwa ujumla ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Zanzibar hadhi ya utumwa ilikuwa imefutwa mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Kwa hiyo kuna Watanzania wazee wa leo ambao mabibi na mababu zao walizaliwa watumwa kisheria.

Mbuyu na mnyororo

Kivutio kinachopigwa picha zaidi katika eneo lote ni mbuyu uliopandwa mwaka 1868, karibu na nyumba ya mapadre. Katika shina lake huonekana kipande kifupi cha mnyororo, kingine kikiwa kimemezwa na mti. Wageni wengi wanapokiona huambiana kwamba hapo ndipo watumwa walipofungwa.

Maelezo ya misheni yenyewe ni tofauti. Mwishoni mwa karne ya 19 mama Mfaransa kwa jina la Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa hapo, alikuwa akimfunga punda wake kwenye mti huo. Mnyororo ukasahauliwa, mbuyu ukanenepa na kuufunika. Mti wenyewe ulipandwa na jumuiya ya waliokombolewa, na wakati ulipopata unene wa kufungia kitu, hakuna mtumwa aliyekuwa akiuzwa mahali hapo. Hata hivyo kisa cha punda hakishindani vizuri na kile kingine, na waongozaji wanaokisimulia kwa uaminifu huona mara nyingi wageni wakikunja uso.

Mabishano kuhusu Bagamoyo na utumwa

Suala la mnyororo ni sehemu ndogo ya mjadala mkubwa zaidi. Vitabu vya watalii huielezea Bagamoyo kama bandari kuu ya watumwa ya Afrika ya Mashariki. Jina lake hufafanuliwa kutokana na maneno "bwaga moyo": mtumwa aliyefika ufukweni aliuacha moyo wake hapo, akijua kwamba hatarudi kwao. Ufafanuzi wa pili husema ni wapagazi waliobwaga moyo, yaani walipumzika, baada ya kutua mizigo ya safari ya miezi mitatu kutoka Tabora au Ujiji. Kwa upande wa lugha, kubwaga ni kutupa chini mzigo kwa kishindo, neno la kazi ya upagazi hasa. Hilo halithibitishi lolote, ila linaupa nguvu kidogo ufafanuzi wa pili.

Ushahidi wa karne ya 19 huonyesha kwamba bidhaa kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu, na walioibeba walikuwa hasa wapagazi Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira. Walifika kwa maelfu kila mwaka, wakapiga kambi, wakanunua vitambaa na kurudi kwao. Bandari iliyoongoza kwa watumwa ilikuwa Kilwa. Mwanahistoria Steven Fabian, katika makala ya mwaka 2013, aliilinganisha Bagamoyo na kisiwa cha Gorée cha Senegal: mahali ambapo kumbukumbu ya utumwa imekua kubwa kuliko idadi ya watumwa waliopitia hapo, kwa sehemu kwa sababu ya mahitaji ya utalii.

Haimaanishi kwamba utumwa haukuwepo. Watumwa walipita Bagamoyo, wakauzwa Bagamoyo, na wengi zaidi waliishi humo wakilima, wakivua, wakijenga nyumba za mawe ambazo leo ni magofu ya kupendeza. Mashamba ya minazi na mtama ya Mrima yote yaliwategemea. Baada ya bahari kufungwa mwaka 1873, wafanyabiashara walianza kuwaswaga watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Frederic Elton, afisa wa ubalozi wa Uingereza aliyesafiri kwa nchi kavu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 waliopishana naye katika muda wa mwezi mmoja, mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzoni mwa 1874. Upande huo wa nchi ndio unaopitiwa leo na Barabara ya Kilwa, kutoka Temeke na Mbagala kwenda kusini.

Njia nyingine ya uhuru

Eneo la misheni husimulia uhuru ulioletwa na wakombozi kutoka nje. Mjini Bagamoyo, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kuna kumbukumbu ya namna nyingine, ambayo wageni wachache huelezwa. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, akiwa mtoto mtumwa katika nyumba ya Mwarabu tajiri. Alijifunza Kurani na elimu ya dini, akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, na akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya mjini. Waingereza walipochukua mji mwaka 1916 walimfanya liwali, cheo ambacho zamani kilishikwa na Waarabu. Alifariki mwaka 1931. Tarika yake iliwavuta watu wengi wa asili ya utumwa, waliodharauliwa katika misikiti ya mabwana zao, na maulidi ya Bagamoyo yamekuwa yakikusanya watu kutoka sehemu nyingi za pwani na bara.

Ulinganisho na Marekani unasaidia hapa. Huko Houston, jimbo la Texas, watu waliotoka utumwani walichanga fedha na kununua wenyewe mwaka 1872 kiwanja cha kusherehekea uhuru wao, ambacho hadi leo ni bustani ya umma. Kingston, Jamaika, bustani ya ukombozi ilifunguliwa mwaka 2002 na serikali ya nchi ambayo wananchi wake wengi ni wazao wa watumwa. Bagamoyo, kiwanja ni cha Kanisa na kinaeleza historia ya Kanisa. Kwenye pwani ya Waswahili, mtu kusema hadharani kwamba babu yake alikuwa mtumwa bado ni jambo la aibu kwa familia nyingi, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya wazao wenyewe kutojenga mnara wao.

Majengo na makumbusho

Mbali na mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872, kuna nyumba kubwa ya mapadre yenye ghorofa na kanisa kubwa la Roho Mtakatifu lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, ambalo bado ni kanisa la parokia. Makumbusho yamo katika nyumba ya zamani ya masista. Humo huonyeshwa pingu na minyororo, picha za wanafunzi na mafundi wa kijiji, nyaraka, na vitu vya historia ndefu zaidi ya Bagamoyo na Kaole.

Makaburi ya wamisionari yapo chini ya miti, misalaba midogo iliyopangwa kwa safu. Umri uliosomeka kwenye baadhi yake unashtua: wengi walikufa wakiwa na miaka ishirini na kitu, kwa malaria, miezi michache baada ya kufika. Ufukweni, mwisho wa njia ya miembe, kuna msalaba unaokumbusha kufika kwa mapadre mwaka 1868.

Nyumba za kijiji cha waliokombolewa hazipo tena. Mgeni anayetarajia kuziona atakuta nyasi na minazi, na itambidi atumie picha za makumbusho kujenga mtaa huo kichwani.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya watumwa na pembe, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, katika orodha ya majaribio ya Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Kutembelea

Kutoka Dar es Salaam mabasi madogo ya Bagamoyo huondokea kituo cha Makumbusho, wilayani Kinondoni, na kufuata Barabara ya Bagamoyo kupitia Mwenge, Tegeta, Bunju na Mapinga. Anayetoka Temeke au Mbagala inampasa kwanza kuvuka jiji, na msongamano wa asubuhi unaweza kumchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Wasiochanganya majina wanufaike: Mbweni iliyopo kando ya barabara hii, Kinondoni, si Mbweni ya Unguja, ambako Waanglikana walikuwa na kijiji chao cha waliokombolewa tangu miaka ya 1870.

Kutoka stendi ya Bagamoyo hadi misheni ni mwendo wa bodaboda au bajaji wa dakika chache. Kuna kiingilio cha makumbusho, na waongozaji hupatikana hapo hapo. Kwa kuwa eneo ni la ibada, mavazi ya heshima yanatarajiwa, na Jumapili asubuhi kanisa huwa na misa. Shule nyingi za Dar es Salaam huleta wanafunzi wao kwa ziara za masomo, hasa darasa la historia, kwa hiyo anayependa utulivu achague siku ambayo si ya mabasi ya shule. Haishauriwi kutembea peke yako ufukweni katika sehemu zisizo na watu.

Muda wa saa mbili watosha kwa misheni peke yake. Anayebaki siku nzima anaweza kuongeza Mji Mkongwe, Ngome Kongwe na nyumba ya misafara, ambako wapagazi ndio wanaostahili kuulizwa habari zao, pamoja na magofu ya Kaole, kilomita chache kusini, yenye misikiti na makaburi yaliyotangulia biashara ya karne ya 19 kwa miaka mia kadhaa.